Juu ya Dungu au Chini Kichakani

Karakana yangu ipo Gerezani, si mbali na kituo cha mabasi ya mwendokasi, katika sehemu ile ya mji ambayo mtu aliyezoea utulivu hawezi kukaa hata saa moja. Huku nyundo, huku mashine ya kuchomelea, huku mkokoteni unapita na mwenye mkokoteni anapiga kelele watu wampishe. Nimefanya kazi ya chuma tangu ujana wangu, kwanza katika karakana za reli, na baada ya kustaafu nimekuwa hapa kwangu. Nimetengeneza mageti, madirisha, vitanda, majiko, ngazi na kila kitu ambacho mtu huweza kukiota usiku na kuja kukiagiza asubuhi. Kwa hiyo sikushangaa sana alipokuja kijana mmoja, akaniamkia kwa adabu, akatoa simu yake na kunionyesha picha mbili.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kiti kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye shina la mti, na ngazi ndefu ya kupandia. Juu yake amekaa Mzungu mmoja aliyevaa nguo za mabakamabaka, bunduki mapajani. Picha ya pili ilikuwa ya kibanda cha turubai kilichochorwa majani, kimewekwa ardhini pembezoni mwa msitu, kina vidirisha vidogo pande zote.

"Mzee," akasema, "nataka unitengenezee kimoja kati ya hivi. Nina shamba Rufiji, na nguruwe wanamaliza mpunga. Bunduki ninayo kihalali. Ila sijaamua kipi bora, kile cha juu au hiki cha chini. Wewe fundi unaonaje?"

Nilimtazama yule kijana kwa muda. Hakujua, na hakuwa na njia ya kujua, kwamba swali lake lilikuwa na umri wa nusu karne kifuani mwangu. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo kesho." Alidhani nataka muda wa kupiga hesabu ya mabomba. Kwa kweli nilitaka muda wa kujiuliza kama nitamjibu kama fundi, au nitamjibu kama mtu aliyewahi kukosea.

Usiku ule nilimwomba mjukuu wangu anitafutie habari za vitu vile, kwa maana vijana wa siku hizi dunia yote wameiweka kiganjani. Nikajua kwamba huko Marekani wawindaji wa kulungu wamegawanyika makundi mawili katika jambo hili, kama sisi tulivyogawanyika Simba na Yanga. Nawaita wanyama wale kulungu kwa kukosa jina jingine. Wale ambao dume huota pembe zenye matawi na kuzidondosha kila mwaka hawapatikani kwa asili kusini mwa Sahara. Sisi Mungu ametupa swala, pongo, kuro na ndugu zao, ambao pembe zao hukaa nazo mpaka kufa. Hata hivyo tabia ya kuotea ni moja kila mahali. Mtu anakaa kimya, mnyama anakuja, na aliyekaa vizuri ndiye anayepata.

Wapenda juu wana hoja zao. Aliye juu huona mbali. Mnyama akichunga huangalia mbele na pembeni kuliko anavyoangalia juu. Tena harufu ya mtu hupeperuka na upepo juu ya pua ya mnyama badala ya kumfikia moja kwa moja. Lakini kiti cha juu kina madhara yake. Ukikaa umekaa, huwezi kujinyoosha wala kuhama upepo unapogeuka, na mti unaofaa hauoti kila mahali unapoutaka. Kubwa kuliko yote ni kuanguka. Huko kwao kuanguka kutoka mtini kumehesabiwa miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji kuumia, na ndiyo maana wanahimizana kujifunga mikanda tangu wanapoanza kupanda hadi wanaposhuka.

Wapenda chini nao hawakukosa la kusema. Kibanda cha chini humkinga mtu na mvua na baridi. Mzee mwenye magoti mabovu kama mimi anaingia bila taabu, na mtoto anaweza kukaa na baba yake akajifunza. Ukitikisa mkono hauonekani, na upepo ukigeuka unabeba kibanda chako unahamia upande mwingine. Lakini harufu yako ipo usawa wa pua ya mnyama, macho yako hayafiki mbali, na mnyama mwerevu hukishuku kitu ambacho jana hakikuwapo. Kwa sababu hiyo hukiweka siku nyingi kabla, mpaka wanyama wakizoee.

Niliposikia yote hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu wazee wetu waliyajua bila simu. Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Marehemu baba yangu alikuwa mtumishi wa reli, na sisi watoto tulilelewa katika kota za reli hapa hapa Gerezani, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Watu wa reli walikuwa na hadithi zao, na hadithi zilisafiri kama mabehewa, zikatoka Kenya zikafika Dar es Salaam. Baba alipenda sana kutusimulia habari za simba wa Tsavo, ambao mwaka 1898 walikuwa wakiwala wajenzi wa njia ya reli. Mhandisi Mwingereza aliyeitwa Patterson aliamua kuwaotea. Usiku mmoja wa mwezi Desemba alikaa juu ya jukwaa la miti minne lililokuwa likiyumba, peke yake gizani. Simba akaja. Badala ya kumwendea mzoga uliowekwa kama chambo, akaanza kulizunguka jukwaa na kumwinda mwindaji. Patterson alimpiga, na mwisho wa mwezi ule akamwua wa pili.

Hadithi ya pili ya baba ilikuwa ya mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, kwenye njia ile ile ya reli. Afisa wa polisi aliyeitwa Ryall aliamua kumwotea simba mla watu akiwa ndani ya behewa, yeye na wenzake wawili. Behewa ni nyumba ya mbao na chuma. Nani angeogopa humo? Wenzake wakalala, yeye akashika zamu. Yaelekea naye alisinzia. Simba akaingia mlangoni, akamwua Ryall na kumtoa nje kwa dirishani.

"Mmeona?" baba alikuwa akisema. "Wa juu alipona kwa sababu alikuwa macho. Wa chini alikufa ndani ya chuma kwa sababu alisinzia." Kwa baba hilo ndilo lilikuwa fundisho, nami nililiamini. Nilidhani jambo la kuotea lote ni kati ya watu wawili, mwenye kuotea na mwenye kuotewa. Sikujua kwamba kuna mtu wa tatu.

Mama yangu alikuwa Mrufiji, kutoka kijiji kimoja upande wa kaskazini wa mto. Kila likizo ya mwezi wa sita alinipeleka kwa mjomba wangu, ndugu yake mkubwa. Kwa asiyeijua Rufiji nitaeleza kidogo. Mto ule hufurika, na maji yakipungua huacha udongo wa rutuba bondeni. Mkulima wa bonde, tangu enzi za mababu, hulima pale pale maji yanapopita, na msimu wa mazao huhamia shambani na kukaa katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Chini ya dungu huwekwa mtungi wa maji, kuni, na pengine kuku. Juu analala mwenye shamba na jamaa zake. Mchana watoto hufukuza ndege na nyani kutoka juu ya dungu. Usiku wakubwa hukesha na nguruwe pori.

Kati ya mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko makubwa, ilikuja Operesheni Rufiji, na watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda katika vijiji vipya mahali pa juu. Nyumba zikawa juu, lakini mashamba yakabaki bondeni. Basi msimu ukifika watu walirudi kwenye madungu yao kama kawaida, kwa sababu nguruwe hawakupata habari ya operesheni.

Nguruwe pori ana macho hafifu lakini pua yake ni kali. Hutembea kwa kundi, huingia shambani usiku, na shamba la mpunga uliokaribia kuvunwa huweza kuharibiwa kwa usiku mmoja, kwa kuliwa na kwa kukanyagwa. Na kwa kuwa watu wa kwetu ni Waislamu, nyama yake si chakula. Hakuna anayemwinda kwa tamaa ya kitoweo. Anayempiga anampiga ili watoto wapate wali.

Mjomba alikuwa na gobore lenye kibali, lile la kushindilia baruti na marisau kwa mdomoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kuhusu gobore lile alikuwa na amri moja tu: halipigwi ila kutoka juu ya dungu. Dungu lake alilijenga katikati ya shamba, si pembeni kwenye matete ambako nguruwe waliingilia. Mimi kijana wa mjini, niliyesoma na kuona magari ya moshi, nilimwona mjomba wangu hana akili ya vita. Adui anaingia kwa mlango wa nyuma, na askari amekaa sebuleni!

Mwezi Juni mwaka 1974, nikiwa na miaka 17, mjomba aliitwa kwenye mazishi ng'ambo ya mto. Akatuachia shamba mimi na mwanawe, binamu yangu, tuliyelingana umri. Akasema, "Washeni moto, pigeni debe. Ikiwa lazima, binamu yako anajua kupiga. Lakini kutoka juu." Akarudia, "Kutoka juu." Kisha akaenda zake.

Usiku wa kwanza nguruwe waliingia pembeni, mbali na dungu, tukawasikia wakitafuna mpaka alfajiri. Debe letu walilizoea kama sisi tunavyozoea adhana. Usiku wa pili nilimwambia binamu yangu, "Tushuke. Tuwaotee kule kule wanakoingilia." Alikataa. Nikamcheka. Nikamwambia anamwogopa baba yake kuliko njaa. Nilisema maneno mengi, na mtu wa mjini maneno hayampungukii. Hatimaye akakubali, kwa sharti kwamba nisipige kelele.

Tulifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Tulipanga mafungu ya mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa, tukajifanyia kificho kizuri usawa wa ardhi. Tukajipaka matope kuua harufu. Tukachagua upande ambao upepo wa kusi ulitupiga usoni, ili nguruwe wakitokea mbele yetu wasitunuse. Kwa elimu ya kuotea hatukukosea hata kidogo. Leo hii mwindaji yeyote, wa Rufiji au wa Marekani, angetusifu. Nami nikamwomba binamu yangu anipe bunduki, kwa kuwa wazo lilikuwa langu. Akanipa.

Mwezi ulikuwa nusu. Walikuja kama saa nane za usiku, weusi kama mawe yanayotembea. Mmoja akasimama mbele yetu, hatua ishirini hivi, ubavu wazi. Nikapiga.

Moshi wa gobore ulitufunika. Nguruwe wakapasua matete wakitimua mbio. Sikumpata. Kisha, mbele yetu, mbali kidogo gizani, tukasikia mlio wa chungu kinachopasuka, na sauti ya mtu mzima ikilia, "Jamani! Mnaniua!"

Ilikuwa ni bibi mmoja jirani. Dungu lake lilikuwa upande wa pili wa shamba, huko huko ulikotokea upepo. Mchana tulikuwa tukiliona kila siku, na usiku ule hatukulikumbuka hata mara moja. Alikuwa ameshuka kuteka maji mtungini. Marisau yalipita juu ya mgongo wa nguruwe, yakaenda tambarare kwa sababu mpigaji alikuwa tambarare, yakavuka shamba na kuvunja mtungi alioinamia. Maji yakamwagikia miguuni mwake. Yeye hakuguswa. Mpaka leo naijua tofauti kati ya mtungi ule na kichwa chake. Haikuzidi urefu wa mkono.

Hatukwenda kumtazama. Hilo ndilo jambo linaloniuma kuliko risasi yenyewe. Tulikimbilia dunguni tukajifunika, kama watoto waliovunja sahani.

Mjomba alirudi asubuhi. Hakuuliza kitu. Aliyatazama mabua yaliyolaliwa, akanusa mdomo wa gobore, akavaa kanzu yake akaenda kwa yule bibi. Jioni wazee walikaa pamoja na balozi wa nyumba kumi. Wakauliza nani kati ya vijana wawili aliyepiga. Mjomba akasimama akasema, "Bunduki ni yangu. Mwenye kosa ni mwenye bunduki." Wakauliza mara ya pili, akajibu vile vile. Alilipa mtungi mpya na mbuzi mmoja. Wiki ile ile alilichukua gobore akavuka nalo mto mpaka Utete, akalikabidhi serikalini kwa hiari yake, na hakushika bunduki tena maisha yake yote.

Lakini watu hawakai bila jibu. Kila mtu alijua kuwa mgeni wa mjini hajui kushindilia gobore, na mtoto wa nyumbani anajua. Kwa hiyo wakaamini aliyepiga ni binamu yangu. Alipewa jina la Mtungi, na jina hilo lilimganda. Mtungi kauza mpunga, Mtungi kaoa, Mtungi kapata mtoto. Mimi nilikuwapo barazani siku ile. Nilikuwa na ulimi. Nilinyamaza, kisha likizo ikaisha nikapanda lori nikarudi Gerezani.

Msimu uliofuata mjomba hakuwa na bunduki, na nguruwe walimlia sehemu kubwa ya shamba. Mama alipokea habari hiyo kwa barua, akaisoma kwa sauti tukiwa tunakula. Nilishindwa kumeza.

Mwaka 1978, nilipopata mshahara wangu wa kwanza, nilinunua ndoo kubwa ya bati kwa mafundi wa hapa Gerezani, nikampelekea yule bibi kwa mkono wa mama, eti zawadi. Sikueleza zawadi ya nini. Bibi aliniombea dua ndefu, mama akanihadithia neno kwa neno. Kuna dua nyingine mtu huzipokea kama viboko.

Miaka ikapita. Kati ya mwaka 2002 na 2004 lilitokea Rufiji jambo lililotisha nchi nzima. Simba mmoja, ambaye watu walimpa jina la Osama, aliua watu wapatao 35 kabla ya kuuawa mwezi Aprili mwaka 2004. Wataalamu walipomchunguza walikuta ana jipu kubwa chini ya jino. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, wengi wao sehemu za kusini mashariki. Sababu mojawapo waliyoitaja ni huyu huyu nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mkulima amelala katikati yao akilinda shamba lake.

Katika miaka ile nilikwenda kumtazama mjomba. Alikuwa mzee sana, lakini msimu ulipofika alikataa kukaa kijijini. Nikamsihi arudi nyumbani. Nikamwambia simba anavuta watu katika vibanda, na dungu lake nguzo zimechoka. Ndipo nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza. Kwa nini miaka ile alilijenga dungu katikati ya shamba, mbali na walikoingilia nguruwe, na kwa nini alikataza bunduki isipigwe kutoka chini?

Akaniambia, "Mjomba, ulifikiri dungu nililijenga linikinge na nguruwe?"

Nikanyamaza.

"Nililijenga liwakinge jirani zangu na mimi."

Akanionyesha kwa fimbo. Ukikaa juu pale katikati, kila upande ulioelekeza bunduki, mbele yako ni udongo wa shamba lako mwenyewe. Ukimkosa nguruwe, marisau yanaingia ardhini. Ukikaa chini pembeni, mbele yako ni watu. "Nguruwe akinila mpunga," alisema, "nitakopa kwa jirani. Jirani nikimwua, nitakopa kwa nani?" Simba hakumpata mjomba. Alikufa kitandani kwake mwaka 2006, na siku ya mazishi nilimshika mkono binamu yangu muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Kesho yake yule kijana alirudi karakanani. Nilichukua chaki nikamchorea kwenye bati. Nikamwambia, tuseme umekaa juu, mdomo wa bunduki upo mita 5 kutoka ardhini, na nguruwe amesimama mita 15 kutoka kwako, mgongo wake sentimita 70. Ukimkosa kidogo juu ya mgongo, risasi itaingia ardhini kabla haijafika mita 3 nyuma yake. Kisha nikachora mstari wa pili. Umekaa chini, mdomo wa bunduki upo sawa na mgongo wa mnyama. Ukimkosa, risasi inakwenda wapi? Nikauendeleza mstari ule mpaka bati likaisha, nikaendelea sakafuni, nikafika mlangoni, ambako mama lishe wetu alikuwa anapita na sahani za wali. Kijana akautazama mstari, akamtazama mama lishe, akaelewa.

Sikumwambia kwamba cha juu ni bora siku zote. Anayepiga mbali kutoka juu, mstari wake nao hulala, na anayelala usingizi mtini ataanguka. Kibanda cha chini chenye kilima nyuma ya mnyama ni salama kuliko kiti cha juu kinachotazama njia ya watu. Nilimwambia pia aende kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya, kwa sababu sheria ya mwaka 2009 ina masharti yake juu ya leseni, saa na namna ya kuwinda, na usiku si wakati wa mwindaji. Halafu nikamwuliza swali moja: "Nyuma ya shamba lako anakaa nani?"

Akafikiri. "Kwa kweli mzee, sijui. Nililinunua kwa dalali. Upande wa mtoni sijawahi kufika."

"Basi nenda ukafike. Tembea pande zote nne. Wasalimie watu, uliza majina yao, uliza usiku wanateka maji wapi. Ukirudi nitakukatia mabomba."

Ndugu msomaji, nimeandika haya si kwa ajili ya wawindaji peke yao, maana walio wengi wetu hatutashika bunduki kamwe. Nimeyaandika kwa sababu kila siku nawasikia watu wakishauriana wapi pa kukaa ili wapate wanachokitaka, biashara, cheo au kiwanja, na mashauri yenyewe ni mazuri, upepo umepimwa na kificho kimefunikwa vema. Sisikii mara nyingi mtu akiuliza, nikikosa, nitampata nani?

Nimeyaandika pia kwa sababu ya binamu yangu. Mwezi uliopita alikuja mjini kwa matibabu ya macho, tukakaa hapa karakanani tukanywa kahawa. Nikamwambia nataka kuiandika habari ile yote, na kutaja aliyepiga. Alikaa kimya, kisha akacheka, akasema watu waliompa jina lile wengi wamekwisha kufa, na wajukuu wanadhani linatokana na unene wake. "Lakini andika," akasema. "Andika tu."

Basi naandika. Usiku ule wa mwezi Juni mwaka 1974, aliyeshauri kushuka kutoka dunguni ni mimi. Aliyeomba bunduki ni mimi. Aliyepiga ni mimi. Binamu yangu hakuvunja mtungi wa mtu yeyote.

Mabomba ya yule kijana yameegemea ukuta, sijayakata. Alinipigia simu juzi kutoka shambani. Amekwisha kutembea pande tatu, na amekuta nyumba mbili ambazo hakujua kwamba zipo.